Koko Rungu Bado Amesimama

Batri ya gari haina mahali pa kushika. Mwanamke akitaka kuibeba, sharti aiweke katika beseni, aizungushie kitambaa kikuukuu ili maji yake makali yasiruke yakala nguo, halafu ajitwishe na kwenda shingo imekaza kama mtu aliyesusa. Hivyo ndivyo Odile alivyotembea kila siku ya tatu, kutoka nyumbani kwake komini ya Tshopo, mjini Kisangani, hadi kibanda cha Assumani, mwenye mashine ya kutoa umeme. Alianza mwezi wa sita, mabomu yaliponyamaza. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Wanaume wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walikaa kwenye kivuli cha kibanda wakingoja wateja.

"Mama Batri huyo! Mama, leo iko na uzito gani?"

"Iko na uzito wa kichwa yako, kama kichwa yako ingekuwa na kitu ndani."

Walicheka, na yule aliyeuliza akacheka kuwazidi. Lakini alipowapa kisogo alimsikia mmoja akisema polepole, bila ubaya wowote, "Vita imeharibia huyu mama kichwa." Odile aliendelea kutembea. Neno la ubaya mtu hulijibu. Hili halikuwa na pa kujibiwa.

Assumani akamsaidia kutua beseni. Alikuwa mtu mpole, vidole vyake vimeungua rangi na zile asidi.

"Mama Odile, kamata ile ingine, imejaa. Lakini nikuulize. Hii moto yote ni ya radio?"

"Ni ya radio."

"Radio ya namna gani? Inakula kama kiboko."

"Ni ya zamani," alisema Odile. "Vya zamani vinakulaka sana." Akainua beseni, akajitwisha.

Radio hakuwa nayo. Hata televisheni hakuwa nayo tena.

*

Kitu kilichokula umeme wa Assumani kilikaa chini ya kitanda cha mwanawe Ruphin, kimefunikwa kanga. Kilikuwa kisanduku cha plastiki cha kijivu, chenye taa nyekundu pembeni, kataa kadogo kama jicho la panya. Ruphin alikileta toka Kinshasa kabla vita haijafunga mto. Kilikuja na kaseti moja tu ya mchezo, na mto ulipofungwa ikabaki hiyo hiyo moja.

Katika ile kaseti mlikaa mtu wa wakati wa mapango. Kifua wazi, kiunoni ngozi ya mnyama, mkononi rungu nene kuliko mguu wake. Alikimbia, aliruka mashimo, alipiga mijusi mikubwa kama lori, aliokota mapaja ya nyama yaliyoning'inia hewani bila mwenyewe. Siku ya kwanza Odile alipoona ile nyama aliguna: "Inaning'inia bure hivi? Ni inchi gani? Twende tukaishi huko." Na alipoelezwa kwamba mtu huyo ana roho tatu, akifa mara moja anaamka, mara mbili anaamka, mara ya tatu ndiyo mwisho, aliuliza kama padri anajua.

Watoto wa mtaa walimwita Koko Rungu. Koko ni jina la babu na la bibi, na huku kwetu bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana kama wake wenza. Kwa hiyo Plamedie, binti wa Ruphin, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa akimwita Odile "mbanda", mke mwenzangu, na Koko Rungu akawa mume wao wawili.

"Mbanda, mume yetu hana suruali."

"Ni wako peke yako. Wangu alivaaka suruali na karavati, na tulimuzika nayo."

Ruphin alikuwa akicheka huku macho hayabanduki kwenye kioo. Alipocheza alipiga mluzi. Hakujua kwamba anapiga.

Jumapili moja mwisho wa mwezi wa tano, Ruphin alifika mahali ambapo hajawahi kufika: juu ya mlima mwekundu, mbele ya mjusi wa mwisho. Koko Rungu alikuwa amebakiwa na roho moja. Ruphin hakuthubutu. Alibonyeza kifungo cha kusimamisha, na yule mtu akasimama pale ukingoni, rungu begani, kifua kikipanda na kushuka.

"Mama, musiizimishe hii mashine," alisema. "Haina akili ya kukumbuka. Ukizima, anarudi kwenye mwanzo wa yote. Miye niko naenda Ubundu na chumvi, siku kumi, narudi, namaliza ule mujusi."

Umeme wa mtaa ulikuwa ukija na kuondoka utakavyo, ndiyo maana alikuwa ameifungia mashine batri mbili. Aliwafundisha namna ya kubadili: kwanza unga waya wa batri mpya, ndipo utoe wa ile ya zamani. Usitoe kwanza hata kwa kufumba jicho. Odile alielewa upesi kuliko mjukuu wake. Alikulia kambi za uvuvi za kule Isangi, ambako mama yake alisafiri na moto ndani ya mtumbwi juu ya kipande cha udongo, na hakuachia gogo la zamani kabla jipya halijashika. Moto ukizimika, utakwenda kuomba kwa watu.

Kesho yake asubuhi Ruphin aliweka gunia la chumvi kwenye baiskeli yake, ile yenye kiti alichokisuka kwa nyuzi nyekundu na njano, akaondoka.

Siku ya nane majeshi mawili ya nchi za nje yalianza kupigana katikati ya mji usio wao.

*

Jambo ambalo Odile hakumwambia mtu ni hili.

Bomu la kwanza lilipoanguka nyuma ya shule, alimkamata Plamedie mkono, wakatimka kuelekea shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba. Mguu wake ukanaswa na waya. Aligeuka. Kataa chini ya kitanda kalikuwa kamekufa.

Walikaa kwenye lile shimo siku sita na jirani zao, magoti yakigusana, wakila mihogo mibichi. Waliporudi nyumbani, mlango ulikuwa umevunjwa na televisheni imebebwa. Kisanduku walikiacha, pengine hawakukiona, pengine hawakujua ni kitu gani. Odile alimtuma Plamedie kutafuta maji. Alipobaki peke yake alipiga magoti, akaunga waya, akasukuma kifungo. Kataa nyekundu kakafumbua jicho.

Mtoto aliporudi na dumu, Odile alisema, "Angalia. Tembo wanapigana huko, na Koko Rungu bado amesimama."

Plamedie alichungulia chini ya kitanda. "Bado?"

"Bado. Iko anangoja papa yako."

Bila televisheni hakuna wa kubisha. Siku kumi za Ruphin zikawa mwezi. Wauza chumvi walirudi mmoja mmoja na kusema kwamba njia ya Ubundu ilichafuka, kwamba watu walipotea msituni. Mwezi wa nane mmoja wao alisema ameiona baiskeli yenye kiti cha nyuzi nyekundu na njano, inaendeshwa na mtu mwingine. Odile alimpa maji ya kunywa, akamshukuru, akaenda kuchaji batri.

Kila saa tisa Plamedie alitoka shule, akala, akaketi sakafuni karibu na kitanda cha baba yake. Alichukua kile kitu cha kushika mkononi, chenye vifungo, akaanza kubonyeza. Tik. Tik-tik. Anangoja. Tik. Uso wake umeelekea ukuta mtupu, pale televisheni ilipokuwa. Odile, akichambua pondu, majani ya mihogo, mlangoni, alidhani ni mtoto tu na kitu cha baba yake, kama vile yeye alivyokuwa akinusa shati la Ruphin kabla ya kulikunja tena. Alimwacha. Wakati mwingine alijikuta anatikisa kichwa kufuata zile tik.

Nyumba ilikuwa na watu wawili na sauti hiyo.

*

Mwezi wa kumi na moja parokia husoma majina ya marehemu. Clémence, mwandishi wa kikundi chao cha sala, alikuja na daftari lake la kurasa mbili: kulia wafu, kushoto wagonjwa na wasafiri.

Alikaa. Aliuliza habari za mvua, za mtoto. Kisha akafungua daftari magotini.

"Mama Odile. Ruphin, tumuandike upande gani?"

"Wasafiri."

"Ni vile ulisema mwezi wa saba. Na mwezi wa tisa."

"Alors? Safari iko na mwezi?"

Clémence aliandika. Hakuwa mtu mbaya. Mume wake mwenyewe alikuwa katika ukurasa wa kulia. "Ni kwa sababu bamama wanauliza," alisema bila kuinua macho. "Banasema siye tunaombeaka ule safari njema, kumbe iko anahitaji pumziko. Banasema sala inapotea njia."

"Waambie waombe yao."

Clémence alipoondoka, Odile aliona kwamba hakugusa kikombe cha chai. Tangu vita ianze hakuna mtu aliyeacha chai yenye sukari.

*

Jumamosi iliyofuata alifika Zacharie, mdogo wa marehemu mume wake, toka Yanonge kwa mtumbwi, na kwanga kumi, mikate ya mihogo iliyofungwa majani, na samaki wa moshi. Mtu haleti kwanga kumi kusalimia watu wawili. Odile alizihesabu kwa macho, akajua ni chakula cha matanga.

"Semeki," yaani shemeji, Zacharie alianza, baada ya kula. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini. "Nimemuota mara mbili. Anasimama kwenye mulango yangu, iko amelowana, haingii. Namwambia ingia, mwana, anasema hawajanifungulia. Familia haijalia, semeki. Miezi tano. Hakuna mutu alinyoa kichwa, hakuna moto ya matanga. Siye batu gani?"

"Unalilia mutu ambaye haujaona mwili yake?"

"Mwaka hii, ni nani Kisangani aliona mwili?"

Ni Plamedie aliyejibu, toka kwenye mlango wa chumba.

"Papa hakufa, Koko Zacharie. Muchezo yake iko inasimama. Alisema atamaliza."

"Muchezo gani?"

Akaonyeshwa. Mzee alipiga magoti kwa shida, akainua kanga, akatazama kataa nyekundu, halafu waya, halafu batri. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka hakucheka, na Odile alitamani angecheka.

"Huyu mutu ya rungu, iko ndani? Sasa hivi?"

"Iko kwenye mulima," alisema Plamedie. "Roho moja."

"Bon. Nionyeshe. Kama kweli amesimama pale mwana wangu alimuacha, narudisha kwanga zangu Yanonge na sisemi tena."

"Hakuna televisheni," Odile alisema upesi.

"Kisangani nzima?"

"Papa Assumani iko na moja," alisema Plamedie. Na kabla bibi yake hajapata neno, alikuwa amekwisha toka.

Odile alibaki na Zacharie chumbani. Ulikuwa wakati wa kusema. Alifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama mto umejaa huko Yanonge. Mara ya pili aliuliza habari za wajukuu.

*

Assumani alikuja na televisheni ndogo nyeusi na nyeupe, ameifunga kwenye kiti cha nyuma cha toleka, yeye mwenyewe anaishikilia kama mgonjwa. Alipoona kisanduku alimgeukia Odile.

"Donc radio ni hii."

"Ni hii."

"Ungeniambia tu, mama," alisema, akaanza kukwangua waya kwa meno.

Plamedie aliketi mbele kabisa. Odile alisimama nyuma yake. Alijua kitakachotokea: wataona mwanzo wa yote, jina la mchezo kwa herufi kubwa, na Koko Rungu amelala mbele ya pango lake kama mtu asiyekwenda popote. Mtoto atageuka amtazame. Miezi mitano ya kubeba batri itakuwa uongo wa mwanamke mzee.

"Plamedie," alisema. "Ngoja. Siku ile ya bomu, mguu yangu..."

Lakini Assumani alikuwa amekwisha kuunga waya. Kioo kilinguruma, theluji ya kijivu ikapita, picha ikashika.

Haukuwa mlima. Haukuwa mwanzo pia.

Kioo kilikuwa cheusi. Katikati yake palikuwa na shimo, na chini ya shimo mifupa midogo mitatu imepangwa moja juu ya nyingine, na rungu limelala kando. Hakuna kilichotikisika.

Zacharie alivua kofia.

"Ni kitu gani hii?" aliuliza Odile. "Hii haiko mwanzo."

"Ni pale roho tatu zinaisha," alisema Plamedie. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Koko, miye nilijuaka. Tukikimbia niligeuka, niliona taa imekufa. Ukaniambia bado amesimama. Nikaona unataka asimame."

"Weye ulijua?"

"Nikafikiri, nitamurudisha. Papa akirudi amukute kule kwenye mulima, asijue. Njia naijua, nilimuangaliaka kila siku. Nilibonyeza mwanzo, halafu nikaenda naye polepole. Mbele, ruka, ruka, piga. Kila siku kidogo. Kifungo cha kusimamisha sikugusa, maana bila kuona sitajua kama nimemusimamisha ao nimemuachilia." Aliishika ile mifupa kwa kidole juu ya kioo. "Nilifikiri tuko karibu na mulima. Nilifikiri imebaki mito mbili."

"Sasa alianguka lini?"

Plamedie alitazama shimo. Alilijua.

"Hii ni shimo ya tatu, koko. Ni mwanzo-mwanzo. Alianguka siku ya kwanza."

Nje mwenye toleka alipiga kengele kuuliza kama anaweza kwenda. Odile alihesabu mwenyewe, bila kutaka: mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Saa tisa hadi saa kumi na moja, mtoto anabonyeza, na yeye mlangoni anatikisa kichwa kufuata. Wote wawili walikuwa wakimtembeza mtu aliyekwisha kulala. Alimuona Ruphin, si juu ya mlima wowote, bali pembeni ya njia ya Ubundu, kwenye majani, siku ya kwanza tu, kabla lile gunia la chumvi halijapungua.

Alipiga magoti. Zacharie alinyosha mkono kumzuia, akidhani ataanguka.

"Wacha, semeki. Moto ya nyumba, mama ndiye anazimaka."

Akashika waya mahali pale pale alipofundishwa kutoshika, akautoa.

*

Walinyoa vichwa siku hiyo hiyo. Clémence alikuja na wamama wa kikundi bila kuitwa, na safari hii walikunywa chai. Siku ya pili ya matanga Odile alimuomba daftari.

"Nitaandika, mama, usijisumbue."

"Nilisoma miaka tatu kwa masista. Lete."

Alifuta jina katika ukurasa wa kushoto kwa mstari mmoja. Kisha, kulia, chini ya mume wa Clémence, akaandika herufi moja moja, kubwa, kama mtu anayepanda mahindi: R, U, P, H, I, N. Ilichukua muda. Wamama walingoja mpaka alipomaliza, na hapo ndipo walipoanza kulia kweli.

Zacharie alirudi Yanonge siku ya nne. Assumani alikuja kuchukua televisheni yake, na alipoondoka alisahau makusudi kuchukua batri aliyokuwa akiidai kwa pesa za kuchaji ambazo hazijalipwa.

Wiki ikapita. Nyumba ilirudi kuwa na watu wawili, na sasa haikuwa hata na ile sauti. Odile alishangaa jinsi shingo ilivyokuwa nyepesi, na jinsi siku ya tatu ilivyofika bila kuwa na kazi. Aliamka akafika hadi mlangoni na beseni mikononi, akakumbuka, akaligeuza, akalikalia.

Jumatano mvua ilianguka toka adhuhuri. Plamedie alitoka shule amelowana, akabadili nguo, akala. Kisha Odile akasikia, nyuma yake, chumbani kwa Ruphin: tik. Tik-tik.

Aligeuka. Mtoto alikuwa amekaa mahali pake, kichwa kimenyolewa, anatazama ukuta. Waya wa kitu kile cha kushika haukuungwa popote. Ulilala sakafuni kama mkia. Chini ya kitanda palikuwa giza tupu.

Odile alitaka kusema acha. Badala yake alisogeza beseni hadi mlango wa chumba, akaketi na pondu yake. Tik. Tik-tik. Piga. Tik. Halafu vidole vikasimama.

"Ni hapa," alisema Plamedie bila kugeuka. "Shimo ya tatu. Hapa ndiyo anaangukaka. Sijue papa alifanyaka nini hapa."

Mvua ilipiga bati. Odile alifumba macho. Aliusikia ule mluzi wa mwanawe, wimbo usio na jina, unakwenda, unakwenda, halafu mahali fulani unakatika, pumzi moja, anameza mate, ndipo kidole chake kinabonyeza. Kila siku Ruphin alipocheza, yeye alikuwa amekaa palepale mlangoni na pondu, na hakujua kwamba anajifunza.

Akaubana mdomo, akaupiga ule mluzi, vibaya, meno mawili ya mbele hayapo. Ulipofika mahali pake akaukata. Akangoja. Akameza mate.

"Sasa, mbanda," alisema. "Ruka."

Tik.